Gari halinywi maji

Nyuma ya kiti cha dereva, katika magari mengi yanayopanda na kushuka kati ya bandari ya Kalemie na vilima vilivyo nyuma ya mji, kuna bidoni ya manjano iliyojaa maji. Haikuwekwa pale kwa ajili ya kunawa mikono. Dereva akisimama kushusha abiria anatupia jicho mshale wa joto, anachukua kitambaa, na bidoni inashuka. Ukimuuliza kulikoni, atakujibu bila kusita: gari hili linakunywa maji. Husema hivyo kama mzazi anayeeleza tabia ya mwanawe: haumwi, ndivyo alivyozaliwa.

Injini inayokunywa maji kwa haki yake ni ya mvuke, na zilizokuja upande huu zilikunywa kweli kweli. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walileta kwenye Ziwa Tanganyika boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, ili wapambane na meli za Wajerumani. Kiongozi wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa kwa reli hadi Fungurume huko Katanga, na kutoka hapo zikakokotwa porini kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine mbili kubwa za mvuke. Mashine zile zilikuwa na kiu ya ajabu. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na watu wa vijiji vya njiani waliajiriwa kubeba maji vichwani ili kuyashibisha matangi yake. Boti ziliendelea kwa mto Lualaba na kwa reli ya Kabalo, zikafika hapa, penye mto Lukuga, mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kingani.

Mashine ya mvuke huchemsha maji, hutumia nguvu ya mvuke, kisha huutupa hewani. Bila kuongezwa maji inasimama. Injini ya Land Cruiser au Noah haina kazi hiyo. Maji yaliyomo ni ya kuzunguka tu, kutoka kwenye bloku hadi kwenye rejeta na kurudi, leo yale yale na mwezi ujao yale yale. Lita moja ikipungua ipo mahali. Imemwagika chini, au imepaa hewani, au imeingia kwenye oili, au imepita ndani ya silinda na kutoka na moshi. Hakuna njia ya tano. Kutafuta maji yaliyopotea ni kuziba njia hizo kwa hoja, moja baada ya nyingine, kuanzia ile isiyogharimu hata faranga.

Mjini kwetu kazi hiyo mara nyingi huanzia mwisho. Gari likipungua maji mara mbili, tatu, neno la kwanza gereji ni gasketi ya hedi, na kabla ya jioni hedi iko juu ya meza. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote na ghali kuliko zote, na gasketi yenyewe huenda ikalazimu kusubiriwa ivuke ziwa kutoka Kigoma. Wakati mwingine fundi anakuwa amebahatisha. Wakati mwingine hedi inarudishwa, bili inalipwa, na bidoni inarudi nyuma ya kiti. (Waendesha pikipiki, ambao ndio wengi barabarani, wanatucheka kwa haki: injini zao hupozwa na upepo.)

Tuanze na kinachoendelea ndani ya rejeta. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho sufuria la maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu, halifiki 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Injini yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Mlima mmoja tu na mzigo wa saruji vinatosha kuimaliza. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta. Juu yake umeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni kipimo cha mgandamizo ambao springi yake inatakiwa kuuzuia usitoke. Mfuniko mzima wa 0.9 unafanya maji ya Kalemie yasichemke mpaka yafike nyuzi 117 hivi. Nyuzi hizo ishirini ndizo unazonunua unaponunua mfuniko.

Springi ikichoka, au mpira wake ukipasuka, gari linaweza kwenda kwa wiki nzima bila tone kuonekana chini. Likipanda kilima, maji huchemka kimya kimya mahali penye joto kali zaidi, karibu na valvu za injini, mvuke unapita kwenye mpira mwembamba wa kwenda tangi la akiba, na unaishia hewani. Dereva anaangalia chini ya gari, anakuta pakavu, anahitimisha kuwa injini imeyanywa. Mfuniko ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika mfumo mzima, na ndicho ambacho watu hukibadilisha mwisho, tena kwa kuokota mwingine wowote unaoenea shingoni. Mfuniko wa gari lingine unaweza kufunga vizuri kwa macho na usizibe lolote kwa ndani, kwa sababu kina cha shingo kinatofautiana.

Mfuniko una valvu ya pili ambayo wengi hawaijui, ndogo, katikati ya ile kubwa ya springi. Injini ikipoa, maji husinyaa, na valvu hiyo hufunguka kuyavuta tena yale yaliyokuwa yamesukumwa kwenye tangi la akiba. Ikigoma, utaona mambo mawili asubuhi: mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama umefinywa, na tangi la akiba limejaa huku rejeta yenyewe ikiwa chini. Hapo hakuna maji yaliyopotea hata kidogo. Yako kwenye tangi, yameshindwa kurudi nyumbani. Dalili ya pili hutokea pia mpira mwembamba ukiwa na ufa: badala ya kuvuta maji, rejeta inavuta hewa. Nimeona magari yaliyoandikiwa kufunguliwa hedi yakapona kwa mpira wa urefu wa mkono.

Kabla ya kugusa chochote, hata mfuniko, inabidi kwanza kujua kama maji yanapotea kweli. Watu wengi wanadhani jambo hili liko wazi. Haliko. Maji yakipata joto kutoka nyuzi 25 hadi 90 huvimba kwa zaidi kidogo ya asilimia tatu. Kwenye mfumo wa lita kumi, hiyo ni theluthi ya lita. Dereva anayejaza kila kitu mpaka pomoni kila asubuhi, rejeta na tangi la akiba pamoja, amejaza theluthi ya lita isiyo na mahali pa kukaa. Saa moja baadaye gari linaitapika barabarani. Kesho anakuta pengo, anajaza tena, nalo linatapika tena, na mtu huyu ataapa kwamba gari lake linakula theluthi ya lita kila siku. Anasema kweli kuhusu kipimo; chanzo ni mkono wake mwenyewe.

Hewa nayo hudanganya. Noah za zamani zenye injini chini ya viti vya mbele, na Hiace vilevile, zina mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu kwenda kwenye rejeta. Ukimwaga maji yote kwa ajili ya matengenezo kisha ukajaza haraka, hewa hunaswa njiani. Safari mbili tatu za mwanzo hewa ile inatoka kidogo kidogo na kiwango cha maji kinashuka. Mwenye gari anarudi kwa fundi kwa hasira. Dawa ni kulisimamisha gari pua ikiwa juu, na Kalemie haina uhaba wa miteremko, kufungulia hita upande wa joto, kujaza polepole injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa, na kungoja mapovu yaishe ndipo mfuniko urudi.

Basi kipimo kinachofaa ni hiki. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa mahali pale pale pa tambarare, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye tangi la akiba, pale maji yalipo. Usijaze kupita alama ya juu. Andika kilomita. Rudia kila asubuhi kwa wiki moja, na ukiongeza maji, ongeza kwa chupa unayoijua ujazo wake, kisha andika. Mwisho wa wiki utakuwa na kitu ambacho bidoni haiwezi kukupa: kasi ya upotevu. Robo lita kwa mwezi ni habari moja, lita kwa kilomita mia ni habari nyingine, na hazitoki mlango mmoja. Tena angalia maji yanapungua lini. Kama gari lililolala siku mbili bila kuwashwa limepungua, linavuja likiwa baridi, na hilo ni jambo la nje karibu kila mara: kibano kilicholegea, mpira uliokauka, mahali pa chuma panaposinyaa usiku. Kama linapungua kwenye safari za mlimani tu, fikiria mgandamizo na joto.

Baada ya hapo ndipo tochi inaingia kazini, na hapa mkazi wa Kalemie ana msaada ambao mtu wa mahali pengine hana. Maji yetu huacha alama. Rejeta iliyojazwa maji ya ziwa inapovuja tone kwenye chuma cha moto, maji yanakauka kabla hayajafika chini, lakini chumvi inabaki pale pale, ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Ufuate ukoko huo kuelekea juu mpaka ukome. Pale unapoanzia ndipo penye kidonda. Anayetumia kulenti, maji ya rangi ya dukani, atakuta ukoko wa kijani au wa waridi.

Mahali pa kuangalia ni pengi, na baadhi panasahaulika. Kuna mshono ambapo tangi la plastiki la rejeta limebanwa kwenye mwili wa alumini. Kuna kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, kilichotobolewa kiwandani makusudi ili sili ikichoka maji yatokee hapo. Kikiwa na ukoko, pampu inaaga, na kukiziba kwa gundi, kama nilivyowahi kuona, ni kumziba mgonjwa mdomo asilalamike. Kuna vifuniko vya chuma vya duara pembeni mwa bloku, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani, na kimoja mara nyingi kipo nyuma kabisa, kati ya injini na gia, mahali ambapo hata kioo cha kunyolea hakifiki vizuri. Halafu kuna hita. Nani anawasha hita Kalemie? Hakuna. Kwa hiyo mipira yake miwili inayopita kwenye ukuta wa injini haikumbukwi na mtu, inazeeka peke yake, na rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi inaweza kuvuja ndani ya gari kwa miezi. Gusa zulia la upande wa abiria. Likiwa na unyevu na utelezi wenye harufu ya utamu, au kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta mafuta, utafutaji umekwisha. Magari yenye hita ya abiria wa nyuma yana mabomba mengine ya chuma chini ya sakafu, yaliyopigwa na mawe ya barabara kwa miaka.

Kama macho hayaoni, mgandamizo utaonyesha. Gereji zenye vifaa zina pampu ndogo ya mkono yenye geji; inafungwa shingoni mwa rejeta injini ikiwa baridi, inapigwa mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha mnangoja robo saa. Mshale ukikaa, nje hakuna kitu. Ukishuka, sikiliza na uangalie. Kwa kukosa pampu hiyo, mafundi wenye ubunifu hutoboa mfuniko mzee, wanapachika valvu ya tairi la baiskeli, na kupiga upepo kwa pampu ya mkono. Inafanya kazi vizuri, kwa sharti la kuwa na geji na kutovuka kipimo. Upepo wa kompresa ya matairi usitumike kamwe. Utamaliza rejeta, mipira na hita kwa sekunde chache, na hapo utapata uvujaji ambao hukuwa nao.

Inanibidi nikae kidogo kwenye maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lenyewe liliwahi kuwa kitendawili cha maji yanayopotea. Katika karne ya 19 wageni walijiuliza yanatokea wapi, maana mito mingi inaingia. Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini mwaka 1871 wakidhani mto Ruzizi ndio mlango, wakakuta unaingia. Cameron alifika hapa Lukuga mwaka 1874 akasema maji yanatokea hapa. Stanley akapita mwaka 1876, akaukuta mlango umezibwa na matope na mafunjo, akabisha. Miaka michache baadaye ziwa, likiwa limejaa, lilivunja kizuizi hicho na Lukuga ikamwaga maji kwa nguvu kuelekea Lualaba. Ungedhani jibu limepatikana. Lakini hata leo, mlango ukiwa wazi mbele ya macho ya mji mzima, Lukuga inachukua sehemu ndogo tu. Takriban tisa ya kumi ya maji yanayoondoka ziwani, pengine zaidi, hupaa hewani bila mtu kuyaona.

Na yanayopaa huacha chumvi nyuma. Ndiyo maana maji haya, yanayong'aa hivi na yanayonyweka, yana karibu nusu gramu ya chumvi kwa lita, magnesiamu ikiwa nyingi, sehemu kubwa ikiletwa na Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Yana ubesi pia: pH yake juu ya ziwa ni kama 9, wakati maji ya kawaida ni 7. Kwa samaki ni maskani. Kwa rejeta ni habari mbaya. Gari linalopoteza lita moja kwa siku na kujazwa ziwani hupokea chumvi ya zaidi ya gramu mia moja kwa mwaka, na chumvi hiyo haipai na mvuke. Inaganda penye joto kali kuliko pote, kuzunguka silinda na ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Ukoko ukinenepa, joto halipiti, joto lisipopita, maji yanachemka, yakichemka, yanapungua, yakipungua, bidoni. Dereva aliyedhani anatibu ndiye anayelisha ugonjwa.

Alumini inaumia zaidi. Metali hii hulindwa na ngozi nyembamba inayojiumbia yenyewe, na ngozi hiyo huanza kulika maji yakivuka pH ya 8.5 hivi. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, zikalehemiwa kwa risasi na bati, na mtu akitaka anaweza kusema zilikuwa za kwetu: shaba ya Katanga, bati kama lile lililochimbwa Manono, katika jimbo hili hili, tangu enzi za kampuni ya Géomines. Kibarua wa kulehemu aliziba tundu kwa dakika ishirini na kazi ikadumu. Za alumini zenye matangi ya plastiki hazikubali lehemu ile, na gundi ya mirija miwili inayouzwa sokoni huishi mpaka barabara mbaya ya kwanza.

Maji mazuri yapo, tena bure, kuanzia mvua za Oktoba mpaka karibu Mei. Acha mvua za mwanzo zioshe bati, kisha kinga. Maji ya mvua karibu hayana chumvi kabisa. Lakini peke yake nayo hula chuma, kwa hiyo yachanganywe na kulenti halisi, nusu kwa nusu au kadiri kopo linavyoelekeza. Wanaosema kulenti ni ya nchi za barafu wamesikia nusu ya habari. Inapandisha kiwango cha kuchemka, ina dawa ya kuzuia kutu, na inalinda sili ya pampu. Rangi yake haithibitishi chochote. Yapo makopo ya maji yaliyotiwa rangi, na bei ya chini sana inapaswa kukutia shaka. Jambo moja la hatari: kulenti ya kawaida ni sumu, na ni tamu. Isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, na dimbwi lake lisiachwe uani penye watoto na mbuzi.

Sasa tuseme mfuniko ni mpya, nje pakavu, mgandamizo ukipimwa unashuka na hakuna tone popote. Hapo, na hapo tu, gasketi ya hedi inastahili kutajwa.

Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, jaza mpaka shingoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Njia nyingine ni kurudisha mfuniko, kuchomoa mpira mwembamba kwenye tangi la akiba na kuutumbukiza kwenye chupa ya maji inayoona ndani. Injini ikifika joto lake, chupa haitakiwi kuendelea kububujika. Ya tatu haihitaji kifaa chochote. Shika mpira wa juu wa rejeta dakika moja baada ya kuwasha asubuhi. Maji bado ni ya baridi, kwa hiyo mpira unatakiwa kuwa laini. Ukiwa umeshakuwa mgumu, kuna nguvu inayousukuma ambayo haikutoka kwenye joto. Ipo pia dawa ya maji ya buluu inayowekwa juu ya shingo na kugeuka manjano ikikutana na gesi ya moshi. Fundi aliyenayo atakupa jibu kwa dakika tano.

Gari la petroli lina ushahidi mwingine kwenye plagi. Zichomoe zote uzipange. Ile ya silinda inayoingiza maji hutoka safi mno, imeoshwa na mvuke, wakati wenzake wana rangi ya kahawia. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto unasema hivyo hivyo. Asubuhi ya baridi kila bomba hutoa mvuke kidogo, huo uache.

Oili yenye rangi ya maziwa inaogopwa na wote, na ni kweli inatisha, ila kuna udanganyifu wake. Ute mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili, peke yake, huonekana kwenye magari ya safari fupi: kutoka nyumbani hadi ofisini, injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu wake yenyewe. Chomoa kijiti cha kupimia. Kama oili kwenye kijiti ni nyeusi na safi, na kiwango chake hakijapanda, usikubali hedi ifunguliwe kwa sababu ya ute ule.

Injini nazo zina sifa zake. Ile ya 1HZ ya Land Cruiser ndefu za mashirika, inayotengenezwa tangu 1990, ina bloku na hedi zote za chuma cha kusubu, na huvumilia mateso mengi kabla ya kusalimu amri. Ya 1KZ ya Prado na Surf ina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na ufa wa hedi kwake ni hadithi inayojulikana tangu Nairobi hadi Lubumbashi. Mwenye 1KZ iliyowahi kuchemka sana hata mara moja ana sababu ya kuharakisha vipimo hivi. Na hedi ikishafunguliwa, ipelekwe kupimwa unyofu na nyufa. Kuweka gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni kununua miezi miwili.

Mengine hufanywa kwa nia njema. Thamostati inatolewa na kutupwa kwa kuwa "nchi ni ya joto". Matokeo yake injini inakimbia baridi kwenye tambarare, inakula mafuta na kulika, na katika injini nyingi za Toyota, ambazo thamostati yake huziba pia njia ya mkato ya maji, kuitoa kunaacha maji ya moto yazunguke bila kupita kwenye rejeta, gari lichemke zaidi kuliko mwanzo. Ute wa yai na binzari kwenye rejeta vinaziba kweli tundu dogo, nakiri, na mtu aliyekwama kati ya Kalemie na Nyunzu usiku unaingia ana ruhusa yangu. Ila akifika azimwage zote na kuosha mfumo, maana yai halijui tofauti kati ya tundu la kuvuja na mrija wa rejeta.

Njiani, kinachoua injini ni kuamini mshale. Magari mengi ya siku hizi mshale wake hukaa katikati kwa joto la aina nyingi na hupanda tu mambo yakiwa yameharibika. Baya zaidi, maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki kwenye hewa tupu, na mshale unaweza kushuka upande wa baridi wakati hedi inaungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani, simama pale pale. Zima. Usifungue mfuniko kabla mpira wa juu haujawa laini mkononi, hata abiria wakinung'unika vipi, na usimwage maji baridi ya ziwa ndani ya injini inayofuka. Hedi iliyokuwa nzima hupasuka hapo.

Ukifika gereji, peleka karatasi yako: kilomita, chupa ulizoongeza, maji yalipungua gari likiwa limelala au likiwa mlimani, mfuniko umebadilishwa lini. Fundi anayeisoma kabla ya kushika spana ni wa kurudiwa. Kama upotevu ni robo lita kwa mwezi na oili ni safi, endelea kuendesha na kutafuta. Kama ni lita kwa safari moja ya Kabimba, gari lisitoke mjini. Na kama kijiti cha oili kimetoka na rangi ya maziwa, lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza uani. Livutwe kwa kamba hadi kwa fundi.